Simu Inayouliza Habari za Kwetu

Nilisikia eti akili bandia ya simu inayofundisha kuongea Kiingereza inakula sauti za watoto, na mwanangu Mutoni anaongea nayo kila jioni. Juzi, kwenye taksi ya kwenda Mururu, Nasiri, kijana anayeitengeneza hiyo akili bandia, alikuwa akiisifu kwa mama muuza vitenge.

“Maman, haichekake muntu akikosea. Inauliza tu: muko bangapi kwenu, papa iko wapi?”

“Weee! Hata mama mukwe haniulizake vile!” Tulicheka wote, Nasiri pia. Maman akauliza: “Na majibu ya batoto inaenda wapi?”

Kabla Nasiri hajajibu, taksi ikasimama, maman akashuka.

Mutoni anaongea Kiingereza bila haya sasa, na aendelee. Lakini wazazi, mtoto asiiambie jina la baba, siku za safari yake, wala ufunguo unapofichwa.