Kibendera cha Saa Tano

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Baba Mchungaji, uliyetufungulia kwa sala. Ndugu Ebenezer Kaaya, Mwenyekiti wa klabu yetu ya mbio, pamoja na kamati yako. Wazee wangu mlioteremka kutoka Nkoaranga na matope haya yote, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wakimbiaji wenzangu, ambao leo nawaona kwa mara ya kwanza mkiwa na viatu vya ngozi: habari za mchana.

Kwa wasionifahamu, naitwa Romanus Shirima. Ni mwalimu wa hisabati, nyumbani ni Rombo, na kwa miaka kumi na minne nimepanga chumba Kaloleni, jirani na uwanja. Ni katibu wa klabu hii pia. Kamati imenipa dakika kumi za kumuaga Sista Hanna Nanyaro, muuguzi, ambaye leo anakabidhi kibendera chake baada ya miaka tisa ya kuwashikia wengine mwendo. Najua kwa nini walinichagua mimi. Walidhani mtu wa namba atasema kwa kifupi.

Wageni wetu huenda hamjui kushika mwendo ni kazi gani. Hata mimi nilipojiunga sikujua. Katika mbio za kilomita arobaini na mbili kuna watu wachache wanaokimbia na kibendera mgongoni, kimeandikwa saa: tatu na nusu, nne, tano. Ukitaka kumaliza kwa saa tano unamfuata mwenye kibendera cha tano, naye wajibu wake ni kufika mwisho kwa saa hizo, asiwahi sana wala asichelewe. Hapandi jukwaani. Jina lake halisomwi. Sasa mimi nikawa najiuliza, na nilijiuliza muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima: mwanamke anayeweza kumaliza kwa saa nne na dakika kumi, kwa nini akubali kumaliza kwa tano? Anapata nini kule nyuma? Anaona nini ambacho wa mbele hawakioni?

Siku ya kwanza nilipomfuata mazoezini, tulikuwa tunapanda ile njia ya miguu ya Nkoaranga, kati ya migomba na kahawa, pale ambapo hata mbuzi hupumzika. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sista." Akanijibu, "Marahaba, Mwalimu." Nikamwambia nina swali. Akasema, "Panda kwanza, utaniuliza juu." Tulipofika juu sikuwa na swali. Sikuwa hata na sauti.

Nilichokigundua baadaye ni kwamba alikuwa hatazami saa. Alikuwa nayo mkononi, lakini kwenye vilima aliishushia mkono wa shati ikafunikwa. Nilimsumbua wiki nzima nikitaka kujua anatumia kanuni gani. Mwishowe aliniambia, "Mwalimu, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja. Mama anapojifungua huwezi kumwambia saa inasemaje. Unasikiliza anavyopumua. Hawa nao nawasikiliza." Ndiyo maana, ndugu zangu, Sista Hanna akikimbia anaongea na watu. Anauliza umepika nini jana, mtoto wako yuko darasa la ngapi, kwenu mvua imenyesha? Nilidhani ni uchangamfu tu. Kumbe anapima. Anayejibu kwa sentensi ndefu yuko salama. Anayejibu neno moja, kilima kimemzidi. Na aliyenyamaza, kwa huyo anapunguza mwendo bila kumtangaza.

Nilielewa maneno hayo. Sikuyaamini. Na sasa lazima niwaeleze habari za Pemba.

Mnakumbuka mwaka juzi klabu yetu iliombwa kupeleka washika mwendo kwenye mbio za kisiwani. Sisi watu wa mlimani tulicheka. Kisiwa kina vilima gani? Siku moja kabla ya mbio, Sista Hanna alikodi bodaboda akaizunguka njia yote, akimwomba dereva asimame kwenye kila kilima ili akipande kwa miguu. Mimi nilibaki nyumba ya wageni na daftari, nikigawanya dakika mia tatu kwa kilomita arobaini na mbili. Jioni aliporudi alisema, "Vilima ni vingi, vifupi na vikali, mpaka kilomita ya thelathini. Baada ya hapo njia inashuka taratibu. Kesho tutachelewa kwanza, halafu tutafika." Nikaandika. Mimi huandika kila kitu.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya kibendera cha Sista Hanna tulikuwa watu kumi na mmoja, mmojawapo akiwa Angel Mbise, mnayemwona pale meza ya tatu, fundi cherehani wa hapa Engutoto, anayeshona sare za nusu ya shule za mji huu. Angel alikuwa ameshajaribu mbio hizo ndefu mara mbili na mara zote mbili hakufika mwisho. Alikuwa amefunga cherehani siku nne ili aje Pemba.

Barabara ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda tena, hata hujamaliza kushukuru. Pembeni watu walikuwa wameanika karafuu kwenye mikeka, harufu ikatuingia kifuani, na kina mama walikuwa wanatushangilia wakiuliza tunakimbilia wapi. Swali zuri sana. Nilitamani kusimama nilijadili.

Kilomita ya ishirini na saba nilitazama saa yangu. Tulikuwa nyuma kwa dakika nne. Nikamsogelea Sista Hanna, nikamwambia mbele ya watu wote, "Sista, tumechelewa dakika nne."

"Najua, Mwalimu."

"Kwa mwendo huu hatufiki kwa saa tano. Hesabu haidanganyi."

Akanitazama, hakukasirika. Akasema, "Hesabu yako imepanda kile kilima cha mbele? Mimi nilikipanda jana. Kaa nyuma yangu."

Sikukaa. Nilipita mbele. Na hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo klabu hii hailijui.

Mnachojua ni kwamba Angel alitoka kwenye kundi kwa tamaa yake, akakimbia mbele ya kibendera, akaishia kwenye gari la huduma ya kwanza. Ndivyo ilivyosimuliwa, na ndivyo ilivyoandikwa. Sivyo ilivyokuwa. Nilipompita Angel nilimshika kiwiko nikamwambia, "Twende. Ukibaki hapa utashindwa mara ya tatu." Alisita. Alimtazama Sista Hanna, akanitazama mimi, mwalimu, mtu wa kalamu. Akanifuata.

Tulikimbia pamoja kilomita sita. Kilomita ya thelathini na mbili aliniambia, "Mwalimu, tumbo linakaza. Punguza kidogo." Nikamjibu, "Tukipunguza sasa, tumekwisha." Hakusema tena. Yule aliyekuwa ananisimulia habari za mteja aliyerudisha sketi mara tatu, alinyamaza kabisa, na mimi nilifurahi kwamba sasa tunakimbia kimya. Mnaona nilivyokuwa nimesoma nisielewe? Baada ya kilomita moja niligeuka, nikamwona amekaa chini kando ya barabara, kina mama wawili wamemshika mabega. Ndugu zangu, nilimwona vizuri. Nikaendelea kukimbia.

Sikufika mbali. Kilomita ya thelathini na tano, kwenye mteremko, pale ambapo hata gurudumu lingejiendea, miguu yangu yote miwili ilikataa. Nikakaa kwenye jiwe. Nikasikia watu wanakuja wakiongea. Wanaongea! Kilomita ya thelathini na tano! Alikuwa ni Sista Hanna na watu wake tisa, wanabishana kama ndizi za nyama zinawekwa nazi au haziwekwi.

Hakusimama, maana waliokuwa nyuma yake walimtegemea. Aliniuliza akipita, "Angel yuko wapi?"

Nikasema, "Nyuma."

"Nyuma wapi? Tumepita njia nzima hatukumwona."

Kumbe gari lilikuwa limeshamchukua. Akasema, "Inuka, Mwalimu. Tembea mpaka kile kibanda cha mihogo. Ukifika pale utajua kama unaweza zaidi." Akaenda zake. Nilitembea mpaka kibandani, kisha mpaka mwisho. Yeye alivuka mstari kwa saa nne, dakika hamsini na tisa na sekunde ishirini, na watu wake wote tisa. Mimi nilikuja baadaye sana. Angel hakuvuka.

Nilimkuta zahanati akiwa na dripu mkononi. Mtu wa klabu alimuuliza mbele yangu, "Ilikuwaje ukaacha kibendera?" Angel akanitazama kwanza. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikatazama dirishani. Akasema, "Niliamua mwenyewe." Kwa nini alinisitiri? Nimejiuliza miaka miwili, na hili sijalipatia jibu.

Tukiwa melini tunarudi, Sista Hanna alikuja kukaa karibu nami. "Mwalimu, utawaambia lini?" Nikasema tukifika Arusha. Tulifika Arusha. Hakuniuliza tena, wala hakumwambia mtu.

Jumanne iliyopita kamati ilikaa kutafuta wa kupokea kibendera cha saa tano. Jina la Angel lilitajwa la kwanza, likaondolewa la kwanza. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu: "Hafuati maelekezo, rejea Pemba." Mwandiko huo ni wangu. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe uongo niliouanzisha mwenyewe, nikaweka nukta, nikaendelea na ajenda inayofuata. Usiku sikulala, na asubuhi nilipanda mpaka Nkoaranga nikamkuta Sista Hanna anachambua kahawa. Sikumweleza chochote. Nilimuuliza tu kwa nini anaacha, maana magoti yake bado ni mazima. Akasema, "Siku hizi nikipanda kilima nasikia pumzi yangu kuliko zao. Mtu akifika hapo, awapishe wengine."

Sista Hanna, nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kukusifu. Naona sifa yako kubwa ni hii: miaka miwili ulinisikia nimenyamaza, ukapunguza mwendo, ukaningoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumbukumbu ya Jumanne irekebishwe. Nami sistahili kuendelea kuwa katibu. Barua yangu iko mezani kwako, chini ya ile sahani ya maandazi. Nani apewe kibendera, mtaamua ninyi, lakini sasa mwamue mkiwa na habari kamili.

Angel, dada yangu. Nilikushika kiwiko, nikakukokota, nikakuacha, halafu nikakaa kimya jina lako likichafuka. Naomba unisamehe. Usiponisamehe leo, nitaelewa.

Naona anasimama. Naam, Angel... Nimekusikia.

Kwa mlioko nyuma ambao hamkusikia, amesema: "Mwalimu, nilishachoka kukusubiri. Kaa chini, watu wapate kula."

Nakaa. Wazee wangu, ndugu wageni, wakimbiaji wenzangu: dakika zangu kumi nimezizidisha, nanyi mmenisikiliza hadi neno la mwisho. Mungu awabariki kwa hilo.