Mpira wa Taratibu wa Hajira Kibwana

Tarehe 30 Juni mwaka huu Hajira Kibwana anastaafu kuichezea timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, baada ya miaka kumi na sita. Mimi, Yuditha Mdoe, mlinda wiketi wake, ninayedaka mipira yake nyuma ya mpigaji, nimepewa kazi ya kumwandika. Yeye Mzigua wa Kwaluguru, mimi Msambaa wa Korogwe. Ni mtani wangu, asitegemee sifa tupu.

Kurusha alijifunzia Kabuku, juu ya zulia la katani lililotandikwa kwenye udongo mwekundu. Mpira wake ni wa taratibu mno. Unatoka mkononi kama haujaamua unakokwenda, unaelea, mpigaji anabaki kuuota, kisha unadunda na kukata kona. Nimewaona wapigaji wa mataifa makubwa wakipotea hivyo, na mara nyingine nami nilipotea nao.

Kukimbia hajui. Ugenini mashabiki walidhani anaumwa.

Miaka tisa iliyopita, kwenye fainali, matokeo yakiwa sare, mpira wake wa mwisho ulikwenda pembeni kabisa na wapinzani wakapewa bure mkimbio waliouhitaji. Kombe likaondoka. Tukirudi nyumbani aliteremka Kabuku bila kumuaga mtu. Wiki hiyo hiyo tukasikia jezi yake ya taifa imetundikwa mtini kufukuza ndege kwenye shamba lake la mtama.

Nilikwenda Kwaluguru na dada zangu. Tukaishusha jezi, tukaifunika kanga, tukaketi mlangoni kwake kuililia, tukiigiza marehemu alivyokuwa akirusha, kama watani wafanyavyo msibani. Majirani wakajaa. Hajira alitoka amefura, lakini mtani hakasirikiwi. Akacheka hadi akakaa chini, halafu akalia kweli. Jezi aliivaa na makapi yake.

Tangu siku hiyo hakukosa mazoezi, na wasichana wa Kabuku wanaorusha taratibu leo amewafundisha yeye. Kombe lile hatukulipata kamwe. Mwezi uliopita, baada ya ushindi wa kawaida tu, alinikabidhi mpira akasema imetosha. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Nitamkumbuka sana.

Hajira, timu nzima inakushukuru. Mtama wako ustawi, magoti yako yapumzike, na asubuhi zako zisiwe na haraka.

Safari hii umeaga mwenyewe. Hatuji kukurudisha.