Marehemu Thadeus Nyambu na Besi ya Indonesia

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mable Wakesho, dada ya Thadeus anayemfuata kwa kuzaliwa. Pia ni mke wa Mwalimu Kimanzi, yule aliyeketi kando ya spika. Familia iliponichagua kuandika wasifu huu iliniomba niwe mpole, nami nimejaribu. Lakini marehemu hakuwahi kuwa mpole kwa kitu chochote chenye nyuzi nne, na nikimpaka sukari leo mtadhani tumekuja kumzika mtu mwingine.

Thadeus Mwadime Nyambu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Werugha, katika ile nyumba ya mawe ambayo sasa tunawekea viazi. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Nicholas Nyambu na marehemu Mama Eliza Mghoi. Mama alisimulia kwamba Thadeus alipojua kusoma tu, kazi ya kwanza aliyoipa elimu yake ilikuwa kugeuza vikombe ili asome chini vilikotengenezwa. Siku moja alikigeuza kikombe cha mchungaji kikiwa bado na chai. Akatangaza mbele ya wageni kwamba kikombe kimetoka Uingereza, kwa hiyo mchungaji asisikitike kuhusu suruali. Alichapwa, lakini hakuacha tabia hiyo mpaka Jumanne ile aliyotutoka.

Alisoma shule ya msingi hapa Werugha na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1970, kisha akasoma sekondari kule Wundanyi hadi kidato cha nne mwaka 1974. Alama zake zilikuwa za kupita, si za kujisifia. Shule ilikuwa na gitaa moja ya besi iliyoachwa na mmisionari, na Thadeus alijifunza kuipiga kwa kukwepa kazi ya shamba. Walimu walimwona mvivu. Walikuwa sahihi kuhusu shamba.

Mwaka 1976 aliajiriwa na shirika la reli kuwa karani wa mizigo stesheni ya Voi, na siku za Jumamosi alipiga besi katika bendi iliyozunguka kumbi za Voi, Mwatate na Taveta. Mwaka 1984 bendi ya hoteli moja Mombasa ilivunjika, naye akanunua kwao besi iliyotengenezwa Japani. Tangu siku hiyo nchi nyingine zote za dunia zilikuwa na kesi ya kujibu. Ile besi aliishika kama mtu anayebeba mtoto mchanga wa bosi wake. Ililala Voi na kupigwa huko chini kwenye joto, lakini hakuipandisha milimani hata mara moja. Alisema barabara ya Wundanyi ina kona nyingi na gitaa ya Japani si gunia la viazi.

Mwaka 1998 aliacha kazi ya reli na kufungua karakana ya kutengeneza gitaa karibu na soko la Voi, ukuta mmoja na duka la vitambaa la Bwana Mahmud, ambaye amepanda mpaka hapa leo akiwa na koti la kuazima. Watu walileta gitaa zao kutoka kaunti nzima, nao walitukanwa bila ubaguzi. Thadeus aliinua gitaa usawa wa jicho, akatazama shingo yake kuanzia kichwani kama anayelenga bunduki, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa vyuma vya shingo, kisha akanusa tundu la waya. Baada ya hapo alitoa hukumu. Ya Marekani ilikuwa jina kubwa na vanishi nene juu ya uzito wa mlango. Ya Korea ilikuwa mwanafunzi mwenye bidii asiye na kipaji. Ya Uchina ilichana vidole, naye alimuuliza mwenyewe, "Hii mlinunua ama mliokota?" Ya Indonesia aliihukumu bila kuinusa. Alisema wale watu wana misitu mikubwa lakini hawajawahi kutambulishwa kwa mti mkavu.

Siku moja kijana wa Mwatate alileta besi nyeusi yenye shingo nyoofu. Thadeus aliisifu mpaka tukaogopa anaumwa. Alisema, "Hii ni Korea ya zamani, enzi walipokuwa na aibu." Kijana akamwonyesha kibandiko nyuma, kimeandikwa Uchina. Thadeus alikitazama, akasema kibandiko ndicho bandia.

Bwana Mahmud alisikia kutoka dukani kwake, akamwambia, "Mwenzangu, wewe hutazami gitaa, watazama pasipoti. Ungefaa kukaa mpakani Taveta ugonge mihuri."

Marehemu alijibu kwamba vitambaa vya Mahmud navyo anavijua vilikotoka.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Daisy Malemba wa Mwatate. Mungu aliwajalia watoto wawili, Donald na Wawuda. Wifi yangu Daisy ni mtu mvumilivu. Kwa karibu miaka arobaini amelala chumba kimoja na ile besi ya Japani, iliyotundikwa juu ya kitanda mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi iko jikoni. Thadeus alikuwa mume aliyerudi nyumbani mapema, aliyewasomesha watoto wake na asiyeinua mkono. Hayo ni ya kweli, nami nayasema bila kusukumwa na mtu.

Sasa nifike mahali ambapo familia iliniomba nipite haraka. Mwaka 2012 kanisa letu hapa juu lilinunua besi mpya iliyotengenezwa Indonesia, na aliyepewa kuipiga ni mume wangu, Mwalimu Kimanzi. Kwa wasiomjua, Mwalimu ni Mkamba wa Voi aliyekuja kufundisha jiografia hapa akaoa akabaki. Si mtu wa maneno. Furaha yake yote ilikuwa pale nyuma ya kwaya, amefumba macho, mguu ukihesabu. Besi ilipoanza kukwaruza, wazee waliiteremsha kwa Thadeus huko Voi. Akaikaza, ikalia vizuri karakanani, ikapandishwa, na wiki haijaisha ikakwaruza tena. Ikateremshwa tena, ikapandishwa tena, ikakwaruza. Fundi mwingine angejiuliza swali. Kaka yangu tayari alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa Indonesia.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 2013, alikuja kusali nasi. Wakati wa matangazo alisimama bila kuitwa, akamnyooshea Mwalimu kidole yeye na ile gitaa pamoja. Alisema, "Hii si besi. Huu ni mlango wa choo uliofungwa nyuzi, na anayeupiga hana masikio." Kanisa lilicheka. Wengi waliocheka wamo humu, wamevaa vizuri, na nawaona. Kamati ikaifungia besi stoo ya kanisa ili isituaibishe, na mume wangu akahamia benchi la pembeni, mikono kwapani. Hajapiga tena tangu siku ile.

Baada ya ibada, nyumbani, Mwalimu alimwambia kwa adabu, "Shemeji, pengine si Indonesia. Wewe unaikaza huko kwa joto, inakuja kukaa huku kwa ukungu. Mbao inakunywa, shingo inajikunja."

Thadeus alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Mwalimu wa jiografia sasa ananifundisha mbao."

Kwetu mwanamume hajibizani na kaka ya mkewe, hasa yule aliyepokea mbuzi zake za mahari. Mwalimu alimaliza sahani yake ya kimanga, akashukuru kwa chakula. Kuanzia hapo wanaume wawili wazima, mmoja wa mvi na mmoja wa upara, walikuwa wakitumiana salamu kupitia kwangu kana kwamba mimi ni posta. Kila Krismasi niliwapikia chungu kimoja, nao wakala kila mmoja akitazama ukuta wake. Niliwadharau wote wawili, na kwa hilo siombi radhi.

Mwaka 2022 marehemu aligunduliwa na ugonjwa wa figo, uliotokana na presha aliyokuwa akiidharau pia. Alisafishwa damu hospitalini Voi mara mbili kwa wiki. Wauguzi walimpenda, sijui kwa nini. Siku ya kwanza aliuliza kitanda kimetoka nchi gani, na alipoambiwa hakuna ajuaye, aliinama kuchungulia chini mwenyewe, sindano ikiwa mkononi. Mashine haikumridhisha, lakini alikiri kwamba kelele yake ilikuwa na mdundo.

Mwezi wa Agosti mwaka huu alinishika mkono. Nilidhani anataka maji.

"Mwambie shemeji apige siku yangu," akasema.

Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje, amekuja nami."

Akageuza uso. "Wewe mwambie tu. Na apige yangu, ya Japani. Ile ya Indonesia isisogee karibu na kaburi langu."

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyoomba msamaha: kwa kunituma mimi, na kwa kuongeza tusi. Nilimpelekea Mwalimu ujumbe. Thadeus alilala mauti asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, nao hawakuwa wamesemezana.

Programu mliyo nayo mikononi inaishia hapo na orodha ya waliobaki, kwa sababu ilichapwa Voi siku ya Jumatano. Yanayofuata yalitokea jana alasiri, nami nimeyaandika kwa mkono. Fungeni programu mnisikilize.

Jumatano hiyo Donald alipandisha besi ya Japani milimani kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Ilisimama pembeni sebuleni, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya wageni, na ukungu wa Septemba mnaujua. Jana kwaya ilipokusanyika ukumbi wa kanisa kufanya mazoezi, Donald aliileta, akachomeka waya, akaibeba kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mume wangu.

"Anko, baba alisema ni wewe."

Mwalimu aliipokea. Akagusa uzi wa kwanza, ukakwaruza. Akagusa wa pili, nao ukakwaruza. Ilikuwa sauti ile ile ya Pasaka ya mwaka ule, kila mtu aliyekuwapo aliitambua, na kwaya nzima ikatazama chini. Bwana Mahmud alisema taratibu, "Mdharau mwiba, guu huota tende."

Mimi nilifurahi, sitaficha. Nilisubiri mume wangu aseme neno. Nilikuwa nimemwandalia hilo neno kwa miaka, la mlango na la choo, alikuwa nalo mdomoni kama angetaka. Aliinua gitaa usawa wa jicho, akatazama shingo vile vile marehemu alivyozoea. Kisha akasema, "Ni baridi tu. Imetoka Voi juzi." Akamwomba Donald ile spana ndogo iliyo kwenye sanduku la baba yake, akakaza chuma cha ndani ya shingo kidogo, akanywa chai, akakaza tena. Ikalia safi.

Nilidhani yameisha. Lakini Mwalimu aliiegemeza ukutani, akamwendea mzee wa kanisa akaomba ufunguo wa stoo. Akarudi na besi ya Indonesia, imejaa vumbi na nyuzi zenye kutu. Akaivika nyuzi mpya alizozikuta kwenye sanduku la Thadeus, akaikaza hapa hapa, kwenye baridi yake yenyewe, akaichomeka kwenye spika ile ile, akapiga wimbo tutakaoimba leo. Alifumba macho. Mguu ulihesabu.

Kabla wimbo haujaisha niliingia jikoni, nyuma ya ukumbi, kwa wifi yangu Daisy, mahali ambapo mtu haoni ndani ya ukumbi. Alikuwa akipanga vikombe. Aliacha vikombe, akakaa juu ya gunia, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ya msiba. Akaniambia, "Hiyo ndiyo yake, Mable. Hiyo sauti naijua hata nikiwa usingizini."

Wifi, nisamehe, jana sikuwa na moyo wa kukuambia. Ilikuwa ya Indonesia.

Mwalimu akija kaburini atapiga ya Japani, kama alivyoagizwa. Nilimwuliza kwa nini, na anajua ninavyouliza. Alisema, "Mtu akishakufa hushindani naye." Ile nyingine imebaki ukumbini na haijasogea karibu na kaburi, amri imetimizwa. Jumapili ijayo itakuwa nyuma ya kwaya, na mume wangu atakuwa nayo. Mwenye kutaka kucheka aje acheke, nitakuwa nimekaa benchi la mbele nimegeuka nyuma.

Marehemu ameacha mjane, Daisy Malemba, watoto Donald na Wawuda, dada yake Mable, shemeji yake Mwalimu Kimanzi ambaye angeweza kumwambia jambo moja la maana kuhusu mbao kama angeruhusiwa, jirani yake Bwana Mahmud, na besi mbili za nchi mbili ambazo mke wake mwenyewe hakuweza kuzitofautisha.

Kaka, ulikosea, na nilikupenda. Apumzike kwa amani, na asiinuke kukagua jeneza.