Bi Futi na Pakiti ya Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Miaka mingi iliyopita jirani mmoja aliuliza hivi: "Shoga, huna pakiti moja ya vidonge uniazime mpaka mwisho wa mwezi?"

Aliyeulizwa ni fundi cherehani tuliyemzika juma hili. Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Hata msibani alikwenda nayo. Aliyeuliza ni msusi wa chumba cha pili, shoga yake wa kufa na kuzikana. Na vidonge vyenyewe ni vya kupanga uzazi.

Tuseme mapema, mtu asiondoke na habari nusu. Bi Futi hakufa kwa vidonge. Alikufa kwa moyo uliochoka, akiwa bibi wa wajukuu. Vidonge alivimeza miaka, kimoja kila siku, baada ya sala ya jioni. Vilimfaa.

Siku ile alikuwa akipachika kola ya sare ya shule. Akacheka bila kuinua macho. "Umeazima chumvi, umeazima mkasi. Bado mume tu."

"Huyo kaa naye," msusi akajibu. "Mimi nataka vidonge."

Kliniki vilitolewa bure. Lakini bure ile ilikuwa na bei yake: nauli, foleni ya kutwa, na wateja waliokwenda kusukwa kwingine. Duka la dawa lilikuwa jirani, ila bei ilimshinda mwezi ule. Bi Futi alikuwa na pakiti ya akiba kabatini, chini ya vitambaa vya bitana. Akampa. Akamweleza yote aliyoyajua: kimoja kila siku, saa ile ile, usiruke.

Aliyoyajua yalikuwa ya mwili wake yeye.

Mwanzoni msusi alisikia kichefuchefu. "Vumilia," Bi Futi akamwambia. "Hata mimi kilinisumbua, kikapita." Ni kweli, kwa wengi hupita. Kisha kikaja kichwa. Kiligonga upande mmoja, na machoni vikacheza vimulimuli.

"Shoga, naona cheche kama za pasi ya mkaa."

"Uchovu huo. Unasimama kutwa. Vumilia."

Adhuhuri moja msusi alikuwa akimsuka mteja. Chanuo likamdondoka. Akainama kuliokota, vidole vikakataa kufunga. Akataka kusema, mdomo ukaenda upande. Chumbani kwa Bi Futi, cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

Hospitali, nesi alimfunga msusi mkanda wa kupimia presha. Akasoma, akakunja uso. "Kabla ya kuanza vidonge, nani alimpima?"

Akamgeukia Bi Futi, aliyemleta.

"Nani alimuuliza kama huwa anaumwa kichwa na kuona vimulimuli?"

Bi Futi aliutazama ule mkanda ukiwa umezunguka mkono wa shoga yake. Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu hakuwahi kumkatia mtu nguo bila kumpima. Walipokuja mapacha, alipima wote wawili.

Binti yake anasimulia: "Jioni ile mama hakugusa cherehani. Aliniambia tu, 'Mwanangu, kitambaa kikishakatwa hakina toba.'"

Mungu ni mwenye rehema. Msusi alipona kiharusi kile, ingawa mkono ulichelewa sana kukubali kushika chanuo. Nesi alimwachisha vidonge vile na kumpa njia nyingine iliyomfaa. Akawaambia wote wawili maneno ambayo Bi Futi aliyarudia mpaka mwisho wa uhai wake. Vidonge hivi huwafaa wanawake wengi, wala si vya kuogopwa. Lakini upimwe presha kwanza. Useme kama una kipandauso, kama unavuta sigara, kama unanyonyesha. Na ukiona kichwa kikali cha ghafla, macho kufanya ukungu, mguu mmoja kuvimba au kifua kubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usiende kwa jirani.

Tulimuuliza msusi kama aliweka kinyongo. "Kinyongo cha nini?" akasema. "Alinifulia, akanilisha, akaniombea. Nilikuwa namtania, 'Futi yako ina inchi zote, imekosa moja tu.' Anacheka, lakini macho yanalowa."

Kwa binti wa marehemu, kwa wajukuu, na kwa msusi aliyebaki na ukuta usio na mlio wa cherehani upande wa pili, tunawapa pole. Mungu awape subira, na amlaze mama yetu pema. Nasi tuliobaki tujiulize: yale tunayowagawia wenzetu kwa mapenzi, tumewapima wao, au tumejipima sisi?

Tuwaachie jambo moja, alilolishuhudia binti yake wiki chache kabla ya msiba. Mama hakuwa na nguvu tena, ila alikuwa mezani pake. Akaingia bibi harusi wa nyumba ya nyuma, akasimama karibu na kabati, akanong'ona.

"Shikamoo bibi. Nasikia wewe unajua mambo ya vidonge. Huna hata pakiti moja uniazime?"

"Marahaba. Umepimwa?"

"Hapana, bibi."

Bi Futi aliweka mkasi chini. Akavua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari. Akajitanda mtandio, akamshika bibi harusi mkono, wakashika njia ya kliniki.