Bwana Absalom Mukhisa, Mlinzi wa Sanduku la Wazima Moto

Baada ya miaka ishirini na mitatu akiwa mweka hazina wa Chama cha Wazima Moto wa Kujitolea, Kitale, Bwana Absalom Mukhisa anastaafu tarehe 31 Desemba 1955. Sanduku analiacha limejaa. Hilo hatumnyimi.

Alipolipokea mwaka 1932 lilikuwa na shilingi tisa na kifungo cha koti. Hatukuwa na mfadhili. Kila mwanachama alileta debe la mahindi wakati wa mavuno, naye Bwana Mukhisa akayauza. Aliyeleta debe lililopungua alirudishwa nalo nyumbani. Wakati wa vita bei ya mahindi ilipanda, sanduku likanona. Pampu haikunona. Mpira wa maji tuliuziba kwa viraka vya tyubu za baiskeli, na tulipoomba mpya alitueleza kwa upole kwamba chama kinachotumia pesa hakidumu. Hakuiba hata senti. Laiti angeiba, angalau pesa zingetoka.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ni kwamba pesa hazitoki bila sahihi mbili: yake na ya mwenyekiti, aliyeishi Bungoma. Januari 1951 ghala la Mama Nasambu, mjane anayeuza mahindi hapa sokoni, lilishika moto. Humo mlikuwa na mavuno yake yote, ndiyo karo ya watoto. Pampu haikuwa na petroli. Sisi tulihangaika na ndoo. Bwana Mukhisa, funguo za sanduku zikiwa mfukoni, alipanda basi kwenda Bungoma kutafuta sahihi. Alirudi kesho yake akiwa nayo, anatabasamu. Ghala lilikuwa majivu.

Nasambu, ambaye hakukosa kuleta debe lake mwaka hata mmoja, alimuuliza mbele yetu: "Sasa hiyo pesa unamlindia nani?" Ripoti ya mwaka ule ilijisifu kwamba chama hakikupata hasara yoyote. Tuliona aibu, na bado tunaiona.

Mwezi uliopita wanachama walipiga kura sanduku lifunguliwe: mpira mpya, petroli, na ghala la Nasambu lijengwe upya. Mkono uliopinga ulikuwa mmoja, nasi sote tunaujua.

Ahsante, Bwana Mukhisa, kwa kutuwekea. Nenda ukapumzike Kiminini, katika nyumba yako ya nyasi, uishi miaka mingi. Ikishika moto, tuite tu. Tutakuja kwanza, sahihi utatia baadaye.