Mama Zimeingia Aaga Idara ya Pensheni

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika Idara ya Pensheni, Mama Zimeingia anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili, na humo limekaa kwa raha zake, maana hapa ofisini hakuna anayelitumia.

Alianza kama karani mlipaji, dirisha la pili, enzi zile wastaafu walipopanga foleni kila mwisho wa mwezi kupokea fedha mkononi. Vidole vyake vilihesabu noti, lakini macho yalikuwa kwa mwenye noti. Aliyekonda aliulizwa kulikoni. Aliyekuja na shati lisilopigwa pasi aliulizwa mkewe anaendeleaje. Wa nyuma wakinung'unika, aliwaambia haraka haraka haina baraka, kisha akaendelea kuuliza. Mimi wa dirisha la kwanza nilikuwa mwepesi kuliko yeye, na bado wazee walijipanga kwake. Iliniuma, nikazoea.

Serikali ilipoamua pensheni zote zipitie benki, tulidhani yeye ndiye atakayepinga. Wapi! Alikuwa amechoka kusikia wazee wameporwa njiani wakitoka kwetu, hivyo akawashawishi mmoja mmoja. Aliwafundisha kuficha namba ya siri, hata kwa wajukuu. Hasa kwa wajukuu.

Aliyekaribia kumshinda alikuwa mkunga mmoja mstaafu, mwanamke asiyeogopa benki wala mtu. Hoja yake ilikuwa moja: "Mwanangu, hapa nisipokuja, wewe utaniulizia. Hiyo benki itaniulizia?" Mama alimbembeleza, akamsindikiza kufungua akaunti, na malipo ya kwanza yalipotoka akampigia simu kumuuliza kama zimeingia.

Zilikuwa zimeingia, naye alijua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyezituma. Swali lilikuwa kisingizio tu cha kumsikia mama wa watu akiongea. Mwezi uliofuata aliwapigia na wengine wanaoishi peke yao, na hapo ndipo jina lilipomganda. Mkuu wa kitengo alilalamikia gharama za simu ya ofisi. Mama akatumia yake. Sisi tulimtania kwamba anaposwa na wazee wa mji mzima.

Utani uliisha siku seremala mmoja mstaafu alipokosa kupokea simu. Fedha zake zilikuwa zimeingia kwa tarehe, bila hitilafu, na kwa mujibu wa kompyuta alikuwa mzima wa afya. Mama akapiga tena, na tena, kisha akachukua mkoba wake na kuondoka bila ruhusa. Majirani walipovunja mlango walimkuta mzee sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, sauti imemkauka kwa kuita tangu juzi yake. Leo anatembea kwa mkongojo aliouchonga mwenyewe, na hachoki kulalamika kwamba mlango wake ulivunjwa na watu wasiojua mbao. Barua ya onyo iliyokuwa imeshaandikwa, mkuu wa kitengo aliichana kwa mikono yake.

Sasa ni zamu ya Mama. Wiki iliyopita alijaza fomu yake mwenyewe ya kulipwa kupitia benki, akatutania kwamba hatimaye atalipwa bila kufanya kazi, kama sisi. Tulicheka sana. Kisha akarudisha kalamu, akaisoma upya ile fomu, na hakuna aliyeuliza anawaza nini. Mumewe alitangulia mbele ya haki, wanawe wana miji yao mbali, na ile nyumba iliyokuwa na kelele imebaki yake na redio.

Mama, tunakushukuru. Wazee wako tumeshagawana, usiwe na wasiwasi. Mkunga amekubali nimpigie mimi, baada ya kunihoji kama mtu aliyeleta posa. Tunakuombea afya, usingizi usiokatishwa na kengele, na wajukuu wenye adabu wasiotaka kujua namba ya siri. Maisha mema, Mama yetu.

Ila mwisho wa mwezi ujao fedha zako zitaingia, na simu yako italia. Ipokee. Usipoipokea, tunakuja.