Bibi Marta Ren, Aliyemwekea Mariamu Kitambaa Chekundu

Bibi Marta Ren Qiaolan alizaliwa tarehe 3 Machi 1937 katika kijiji cha Liugou, mkoani Shanxi, akiwa binti wa pili wa mzee Yosefu Ren na mkewe Ana. Shule alisoma miaka miwili tu, akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake. Katekisimu alifundishwa na babu yake huku wakipalilia, na aliishika kichwani hata miaka ile kanisa lilipofungwa na serikali.

Mwaka 1957 aliolewa na Paulo Hao Fugui, fundi matofali, mtu mpole ila mvivu wa kuongea. Kila mzazi wa Liugou, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hukaa ndani mwezi mzima, kitambaa chekundu mlangoni, wageni marufuku, uji wa sukari guru na mayai mpaka achoke kuviona. Bibi Marta hakuupata mwezi huo. Mtoto wake wa kwanza, Petro, alizaliwa Januari 1959, kijiji kizima kikichimba bwawa, na kabla wiki haijaisha mama akaitwa kazini. Alimbeba mtoto ndani ya koti kwenye upepo ule, na jioni moja akamkuta amenyamaza. Pole hakupewa, kulikuwa na udongo wa kubeba. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuchoka. Alichoka hata akicheka.

Kanisa lilipofunguliwa tena mwaka 1984, alipewa kazi ya kufagia na kupika. Padri akichelewa mezani, chakula kimepoa, shauri yake.

Alfajiri ya Krismasi ya mwaka 2003, waumini walikuja kumwabudu Mtoto pangoni. Walikuta pango limefunikwa kitambaa chekundu, bakuli la uji linafuka, na Bibi Marta yuko mbele kwenye kigoda, kakunja uso.

"Bibi, fungua, watu wanangoja," alisema Padri Xing, kijana aliyetoka seminari juzijuzi.

"Waje baada ya mwezi. Mzazi hatembelewi."

"Lakini huyu ni Mama wa Mungu!"

"Kwani Mama wa Mungu hakutoka damu?"

Watu wakaangua kicheko. Padri akaiva uso. "Mungu hasikii baridi, bibi. Fungua, au nitafute mtu mwingine wa kutunza kanisa."

Kicheko kikakatika. Bibi Marta hakuinuka.

"Tafuta. Ila kama hakusikia baridi, padri, basi hakuzaliwa, mnatudanganya kila mwaka. Na kama hakuzaliwa, Petro wangu alikuwa na nani kule bwawani?"

Padri akawageukia waumini. "Imbeni kwa sauti ya chini," akasema. "Kuna mzazi humu."

Mpaka leo pango letu hufunguliwa mwezi ukiisha. Watu wa parokia za jirani wanatucheka. Wacheke tu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, kisha miguu ikagoma. Alitibiwa mjini, akarudi, akatibiwa tena, mwishowe akakataa kupanda gari. Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Desemba 2019, akiwa na miaka themanini na miwili. Mumewe alitangulia mwaka 1998. Ameacha watoto wawili, Tereza na Luka, wajukuu watano na kitukuu mmoja, na sisi wakwe tuliozoea kufokewa naye.

Usiku wake wa mwisho Padri Xing, ambaye sasa naye ana mvi, alimpaka mafuta matakatifu, akamsihi auinue moyo wake kwa Mungu. Bibi Marta alifumbua jicho moja.

"Mwanangu, nimechoka kupanda," akasema. "Mwambie ashuke yeye. Ameshazoea."

Kulipokucha alikuwa ameondoka. Bwana, mpe pumziko la kweli, maana alichoka kweli.